Thelathini na Moja kwa Mia

Nchi yenyewe iko mbali sana. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, na akiona inafanana na nchi yoyote anayoifahamu, basi aende akapimwe macho. Huko, katika Jamhuri ya Shwari, kuna reli moja. Reli hiyo ina treni moja, treni ina mabehewa tisa, na kila behewa lina Sanduku la Maoni lenye kufuli tatu, kwa sababu serikali ya Shwari inapenda sana kujua wananchi wake wanaonaje, tena inapenda kujua mapema.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Mwalimu Nyamizi alikuwa ameketi dirishani katika behewa namba saba. Alikuwa mstaafu wa miaka sitini na minane, na thelathini na minane kati ya hiyo aliimaliza kwenye darasa la pili la Shule ya Msingi Ndalamba, akifundisha watoto kuandika. Alikuwa anatoka mji mkuu kuchukua miwani mpya, anarudi nyumbani. Treni ilikuwa imesimama porini tangu kulipokucha, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Joto lilikuwa limeanza kupanda. Mwalimu alikuwa anasinzia.

Ndipo mkaguzi wa tiketi akapita akigawa Fomu ya Kuridhika kwa Abiria. Ilikuwa na maswali kumi, na Shirika la Reli, kwa kumhurumia abiria, lilikuwa limekwisha kuyajibu yote. Je, treni hufika kwa wakati? *Hufika kabla.* Je, maji ya kunywa yapo? *Yapo mpaka yanabaki.* Vyoo je? *Vinanukia.* Kazi ya abiria ilikuwa kusoma, kufurahi, na kuitumbukiza fomu sandukuni. Jina halikutakiwa, ili abiria awe huru.

Mtu mwingine angefanya hivyo bila hili wala lile. Lakini mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na minane, ukimwekea mbele yake maswali kumi yaliyojibiwa, mkono wake hauombi ruhusa. Mwalimu Nyamizi, nusu macho, nusu usingizi, alipapasa mkobani akatoa kalamu nyekundu. Swali la kwanza: kosa, sifuri. Swali la pili: kosa, na pembeni akaandika, "Soma swali vizuri." Vyoo: kosa kubwa, akalipigia mstari mara mbili. Kwenye viti alitoa alama nne, kwa kuwa viti vilikuwepo. Alijumlisha, akaandika 31/100, akaizungushia duara, na chini kabisa akamalizia kama alivyozoea kuwaandikia wavivu: "Hujajitahidi. Mzazi wako aje shuleni."

Akaikunja mara mbili, akainuka, akaitumbukiza.

Pembe ya mwisho ya karatasi ilipozama ndipo alipozinduka. Alijaribu kuingiza vidole viwili kwenye mdomo wa sanduku, lakini mdomo ule ulichongwa na wataalamu waliojua kwamba iko siku mtu atajaribu kuingiza vidole viwili.

* * *

Inafaa kueleza alichokiogopa, maana huenda msomaji anatoka nchi ambayo abiria hulalamika akaenda zake kula.

Jirani yake Mwalimu, Bwana Ntilema, mwaka uliopita aliandika kwamba dirisha la behewa halifungi. Walimpeleka Chuo cha Kuridhika. Alirudi baada ya wiki sita akiwa mzima kabisa, mnene hata, ila alikuwa anatabasamu. Alitabasamu akila, alitabasamu akiumwa jino. Mama yake alipofariki, alisimama kaburini na koleo mkononi, machozi yakimtiririka mashavuni, na meno yote nje. Watu waliangalia pembeni. Tangu siku hiyo Mwalimu Nyamizi alikuwa hapiti mbele ya nyumba ile.

Na huyo alikosoa dirisha tu. Yeye alikuwa amelifelisha Shirika zima, kisha akamwita mzazi wake. Na mzazi wa Shirika la Reli, kila mtoto wa Shwari anakariri hilo shuleni, ni Mtukufu Rais.

Tena mambo yalikuwa yamekuwa magumu zaidi tangu ije Fikra Unganishi. Waziri aliizindua uwanjani kwa hotuba ya saa tatu. "Ndugu wananchi," alisema, "zamani kila idara ilikuwa inafikiri peke yake, na nyingine zilikuwa hazifikiri kabisa. Huo ulikuwa ubaguzi! Leo tumeziunganisha kama mabehewa, na ninayo furaha kuwatangazia kwamba sasa zote ziko sawa." Watu walipiga makofi mpaka walipoambiwa watosheke. Kuanzia hapo, abiria asiyeridhika na treni alihesabiwa haridhiki na maji, na posta, na hospitali, na mvua. Na kwa kuwa fikra zimeunganishwa, abiria mmoja asiporidhika, behewa zima halijaridhika.

Treni ilipofika stesheni ya Itobola, stesheni masta alifungua kufuli tatu za kila sanduku. Kwenye sanduku la behewa namba saba alikaa muda mrefu. Halafu alitoka mbio, akiwa ameshika kofia mkononi na karatasi moja kwa ncha za vidole, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

Kwa mujibu wa utaratibu, behewa likafunguliwa kutoka kwenye treni, likasukumwa njia ya pembeni, na milango ikafungwa. Abiria arobaini na wanne waliiona treni yao ikiondoka bila wao. Wakapunga mikono, maana hilo nalo lilikuwa kwenye utaratibu.

* * *

"Nani kafanya hivi?" mwanamke mmoja mwenye kikapu cha vitunguu alinong'ona. "Nani anataka kutuua?"

Kila mtu alianza kumwangalia jirani yake. Mwalimu Nyamizi aliangalia miguu yake. Mkobani mwake kulikuwa na kalamu nyekundu, na aliisikia ilivyo nzito.

Aliinuka, akaenda chooni, akajifungia. Choo cha treni ya Shwari ni tundu tu, na kinachoingia humo hubaki nyuma porini kikasahaulika. Aliidondosha kalamu tunduni, akashusha pumzi. Pumzi haikufika chini. Behewa lilikuwa limesimama. Kalamu ilikuwa imelala palepale kati ya mataruma mawili ya reli, nyekundu, kwenye jua, na kila aliyepita nje angeiona.

Alirudi kitini. Mwanaume wa makamo aliyeketi mkabala naye, mwenye mikono myeusi kwa grisi ya baiskeli, alikuwa anamtazama. Alimtazama uso, akautazama mkono wake wa kulia, kisha akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini.

Alikuwa Masanyiwa. Alimfundisha miaka thelathini iliyopita, mtoto aliyekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, na yeye akampiga vidole kwa rula muhula mzima mpaka mkono ukahama. Huko Ndalamba mwanafunzi hawezi kumpita aliyemfundisha bila kumwamkia, hata akiwa na mvi. Yeye mwenyewe aliwatia adabu hiyo. Sasa aliomba kimoyomoyo neno hilo lisisikike tena, maana likirudiwa mara moja tu, behewa zima litajua nani humu ana desturi ya kutembea na kalamu nyekundu.

"Umenifananisha, baba," alisema, akageukia dirishani.

Kule nje, kiberenge kilikuwa kinakuja juu ya reli kikipiga honi.

* * *

Juu ya kiberenge walikuwa watu watatu. Wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Kang'ombe, Mratibu wa Fikra Unganishi Kanda ya Kati, mwenye suti ya kijivu na nishani mbili za kusikiliza wananchi. Wa pili, askari. Wa tatu alikuwa karani wa Mratibu, Bi Tunu, mwanamke mdogo mwenye miwani minene, ambaye kazi yake ilikuwa kuambatanisha. Alikuwa na faili, pini, gundi na mihuri mitano, na uso wake haukuonyesha chochote.

Askari alizunguka behewa mara moja tu. "Mheshimiwa! Nimeokota hii chini ya choo!"

Mratibu alishika kalamu, akainusa, akaona haina neno, kwa kuwa vyoo vya Shirika vinanukia. Akapanda ndani.

"Ndugu abiria, msiwe na wasiwasi," alisema, na hapohapo wasiwasi ukawajaa. "Serikali yenu inayapenda maoni yenu. Tunachotaka ni kumjua mwenye maoni haya ili tumpongeze." Aliiinua ile karatasi juu, mizunguko myekundu ikaonekana mpaka viti vya nyuma. "Ajitokeze."

Hakuna aliyejitokeza kupongezwa. Mtoto mchanga alilia, mama yake akamziba mdomo kwa ziwa.

"Vizuri. Basi tutatumia sayansi. Bi Tunu, wape karatasi na penseli. Tunaandika imla."

Mwalimu Nyamizi hakuwahi kuogopa imla maishani mwake, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyekuwa akiisoma. Alijua kilichokuwa kinatafutwa. Darasa la pili la Ndalamba lilikuwa na sheria moja isiyokuwepo kwenye kitabu chochote: z lazima ivae mkanda. Watoto walikuwa wanachanganya z na tarakimu ya mbili, naye akaamua kila z ikatwe kiunoni kwa kistari kifupi. "Mkanda!" alikuwa akifoka, na madaftari sitini yalifungwa mikanda kwa pamoja. Na pale kwenye ile karatasi, katika neno "mzazi", zilikaa z mbili na mikanda yao, zimekaza.

"Andikeni," Mratibu alisema. "*Reli yangu ni nzuri na inazidi kuwa nzuri.*"

Zilikuwa z tatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kuanza kujipinda kuelekea ile ya kwanza. Aliuona, akaogopa kama ameona nyoka mapajani. Akaificha penseli chini ya meza ndogo, akaihamishia mkono wa kushoto, akaandika kwa shida, herufi zikianguka huku na huko. Alipoinua macho, Masanyiwa alikuwa amekwisha kumaliza kuandika, na alikuwa anamtazama mkono.

* * *

Bi Tunu alizipanga karatasi arobaini na nne kitini, akazipitia moja moja. Zile zilizofanana aliziweka upande. Rundo lilianza na moja, likawa na tatu, likawa na saba.

"Kumi na moja, Mheshimiwa," alisema.

Mratibu alizihesabu tena. Alikuwa amekuja kutafuta mtu mmoja. Reli ile ilipita karibu na Ndalamba, na behewa namba saba ndilo linalosimama karibu na njia ya kwenda Ndalamba, kwa hiyo ndilo wenyeji wa huko hulipanda. Jambo hilo lilikuwa rahisi mno kwa mtu aliyesomea Fikra Unganishi.

"Mtandao!" alisema, macho yakimng'aa kwa furaha, maana mtu aliyegundua mtandao hupewa nishani ya tatu. "Watu kumi na mmoja wenye mkono mmoja! Wanafikiri kwa pamoja bila kibali!"

Alitoa kalamu ya serikali aandike orodha. Kalamu ya serikali haikuandika. Aliikung'uta, akaipuliza, akaipasha moto kiganjani. Mwishowe akachukua ile nyekundu, kielelezo chenyewe, akainama kwenye meza ndogo mbele ya Mwalimu Nyamizi, akaandika.

Askari alikuwa anawapanga wale kumi na moja kwenye mlango. Mwalimu aliwaona migongo. Aliwajua wote sasa, kwa visogo, kama alivyowaona miaka ile wakiwa wamepanga mstari asubuhi. Yule wa vitunguu ni Ngolo, aliyekuwa akila chaki. Yule mrefu ni Sanane, aliyerudia darasa mara mbili. Mwandiko ule walikuwa wameutambua tangu karatasi ilipoinuliwa. Ni nani mwingine angesahihisha hivyo? Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumnyooshea kidole. Masanyiwa alikuwa wa mwisho, mikono nyuma.

Aliwaza watakavyorudi baada ya wiki sita, kumi na moja, wakitabasamu. Alitamani kukaa kimya. Nafsi yake yote ilimwambia kaa kimya, umesalimika, wewe ni bibi tu mwenye miwani mpya. Aliona aibu iliyozidi hofu kwa unene wa karatasi moja hivi, na unene huo ukatosha. Akasimama.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nani, mama?"

"Mwalimu wao. Nimeisahihisha mimi hiyo karatasi. Waache watoto wangu."

Mratibu alipekua rundo, akatoa karatasi yake, akamwonyesha kwa upole. "Mama, hii ndiyo yako. Aliyeandika hapa hajui kuandika. Sayansi imekusafisha. Usiisumbue sayansi."

"Niliandika kwa kushoto."

"Kwa nini?"

"Kwa woga."

Mratibu alisikitika kwa niaba ya takwimu. "Nchi hii haina woga, mama yangu. Ulipimwa mwaka juzi, haukuonekana. Kaa chini."

Lakini Mwalimu Nyamizi hakukaa. Alikuwa ameinamisha miwani mpya juu ya ile orodha iliyokuwa mezani, na wino wake bado mbichi. Kichwa chake kilisomeka, *Orodha ya Wazushi*.

"Nani alikufundisha kuandika, mwanangu?" aliuliza.

"Mwalimu Mayunga, Shule ya Msingi Kilalo. Inahusu nini?"

"Mayunga nilimfundisha mimi," alisema. "Itazame z yako."

Mratibu aliitazama. Ilikuwa imevaa mkanda. Ilikuwa ya wino uleule mwekundu, kutoka kalamu ileile, na alikuwa ameiandika yeye mwenyewe mbele ya mashahidi arobaini na sita.

Bi Tunu alikwisha kuichukua. Aliiweka kando ya ile karatasi ya thelathini na moja kwa mia, akarekebisha miwani, akazilinganisha. "Mheshimiwa," alisema, bila ubaya wowote, kama anayeuliza chai iwe na sukari ngapi, "za kufanana zinaambatanishwa. Hii niiandike ya kumi na mbili?"

Askari alikuwa amesimama upande wa mlango. Alisogea hatua mbili, taratibu, akasimama ubavuni mwa Mratibu, kama alivyowasimamia wale kumi na moja.

Uso wa Mheshimiwa Kang'ombe ulipauka. Midomo ilimcheza, na Mwalimu Nyamizi aliona, kwa mshangao, kwamba hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa sasa imekaa ndani ya suti ya kijivu, na bado kwake haikupungua hata kidogo.

* * *

"Ndugu abiria!" Mratibu alisema, sauti ikimkwaruza. "Hili lilikuwa zoezi la majaribio. Mmefaulu wote. Reli yenu imepata mia kwa mia." Akaichukua ile fomu ya thelathini na moja, akaikunja mara nne, akaitia mdomoni, akaitafuna. Akaifuatishia orodha. Aliomba maji ya kumezea. Maji hayakuwepo.

Bi Tunu aliandika kwenye faili, *Vielelezo vimehifadhiwa ndani ya Mheshimiwa*, akapiga muhuri. Kisha akasema kwamba matokeo ya mia kwa mia yanahitaji tamko lililoandikwa kwa mkono na kila aliyemo behewani, na akaanza kugawa karatasi mpya. Sentensi ilikuwa moja, na z ndani yake moja: *Nimeridhika bila kulazimishwa.*

"Na wewe, Mheshimiwa," alisema, akimkabidhi karatasi na penseli. "Umo behewani."

Wale kumi na moja walirudi vitini. Walishika penseli, lakini hawakuandika. Vichwa kumi na moja viligeuka, kama vilivyokuwa vikigeuka zamani somo likiwa gumu, na macho yote yakamtazama Mwalimu yakingoja aonyeshe inavyofanywa.

Alitaka awaonyeshe jambo lingine. Alilitafuta, hakuliona. Akaihamishia penseli yake mkono wa kushoto.

Penseli kumi na moja zikahama. Baada ya kitambo kidogo, ile ya Mratibu nayo ikahama. Waliandika wakiwa wameuma ndimi, kwa herufi kubwa zinazoyumba, kama siku ya kwanza shuleni. Masanyiwa peke yake aliandika haraka, kwa mwandiko mzuri ulionyooka, kwa mkono ule aliokuwa akipigwa rula.

Bi Tunu alizikusanya. Katika taarifa yake, ambayo ilisomwa bungeni na kushangiliwa, aliandika: *Kuridhika, asilimia mia moja. Mwandiko wa abiria unatetemeka, bila shaka kwa furaha.*

Milango ilifunguliwa. Treni isingepita tena mpaka wiki ijayo, kwa hiyo abiria walioridhika walitakiwa kutembea. Mwalimu Nyamizi alikuwa amesimama karibu na ngazi, mkoba kifuani, na kila aliyeshuka ilimbidi apite mbele yake. Bi Tunu alikuwa chini, na faili lake wazi.

Ngolo alipita na kikapu chake, macho chini. Sanane alipita. Walipita mmoja mmoja, watu kumi, na hakuna aliyefungua mdomo. Mwalimu alikuwa amekwisha kulitayarisha kooni neno la kuitikia. Lilikaa hapohapo.

Masanyiwa alikuja wa mwisho. Alisimama, akamtazama, na midomo yake ikaanza kujipanga. Kisha aliliona faili.

"Samahani, mama," alisema. "Naomba nipite."